Pedi za kichwa zinaisha, lainingi za tela bado nene: wajuzi wa breki za malori, mnachagua vipi?

#1 MsafirishajiKizota
Wakuu, habari za humu.

Nina semi moja hapa Dodoma. Kichwa ni Scania ekseli tatu, breki za diski. Tela ni ekseli tatu za kampuni ya BPW, breki za dramu, zinazotumia lainingi badala ya pedi. Kazi yake ni mahindi ya Kibaigwa na alizeti ya Singida kwenda Dar, kurudi inapakia saruji. Mara nyingine saruji hiyo inapelekwa hadi Kahama, kwa hiyo gari linashuka mlima Sekenke likiwa limejaa.

Pedi za kichwa hazikai. Seti iliyofungwa baada ya Pasaka imefika kwenye chuma kabla ya Nanenane, na lainingi za tela zipo tu, nene. Muuzaji wa spea anasema nichukue pedi ngumu zaidi, bei karibu mara mbili. Fundi anasema hapana, nichukue laini, ngumu zitakula diski. Dereva anasema pedi hazina kosa, tatizo lipo kwenye tela.

Gari ni moja na majibu ni matatu. Mnaonunua pedi mara kwa mara, mnaangalia nini: jina, namba, bei au nchi ilikotoka? Picha nitaweka jioni gari likirudi.

#2 Nala_Mizani
Nimekaa hapa nasubiri majibu. Nina Howo mbili zina ugonjwa unaofanana na huo.

#3 MtuWaSpea
Mkuu #1, mimi nauza hizi bidhaa, ngoja niseme ukweli. Jina la kwenye boksi ndilo jambo la mwisho kuangalia. La kwanza ni namba.

Pedi ya diski ya lori ina namba ya WVA, tarakimu tano, imegongwa kwenye bamba la chuma upande wa nyuma. Toa ya zamani, isugue kwa brashi ya waya, soma namba, njoo nayo dukani. Usije ukasema "nipe za Scania". Gari mbili za jina moja zinaweza kuwa na kalipa (kifaa kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski) tofauti kwa sababu ya mwaka au ekseli, na pedi ukiziweka mezani unaona zinafanana. Tofauti ni milimita chache pembeni. Hizo chache zinatosha pedi ikakaza kwenye kiti chake, ikawa haiachii.

La pili ni alama ya E ndani ya duara, ikifuatana na 90R. Hiyo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90 ya pedi na lainingi za kubadilishia. Maana yake pedi ilipimwa na nguvu yake ya kukamata haikuachana na ile ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Namba inayoandamana na E ni nchi iliyotoa kibali: E1 Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza.

#4 KingOfTheRoad_DOM
Mnamzungusha bure. Angalia herufi mbili za mwisho ubavuni mwa lainingi. EE ni ya kawaida, FF nzuri, GG ndiyo ya juu kabisa. Chukua GG ulale usingizi.

#5 Mhandisi_Msalato
#4 hapo nakurekebisha ndugu yangu, maana mtu anaweza kuumia kwa ushauri huo.

Herufi zile si daraja la ubora. Ni mfumo wa Wamarekani, SAE J866 (SAE ni chama cha wahandisi wa magari), unaoeleza msuguano tu. Ya kwanza ni lainingi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imeshapata moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona FE ujue ikichemka inapungua kukamata, na kwenye mshuko mrefu hilo ndilo la kuogopa. Herufi hazikwambii itadumu muda gani, wala itakula dramu kiasi gani. Na kipimo chenyewe kinafanyika maabara kwa kipande cha inchi moja ya mraba, si kwenye semi lenye mzigo.

Sasa #1 sikiliza hili. Ukifunga kichwa pedi kali halafu tela likabaki na lainingi dhaifu, kichwa ndicho kitakachosimamisha msafara mzima. Pedi zake zitaisha, za tela zitabaki. Ndicho ulichoeleza. Ukiongeza pedi kali zaidi kama anavyotaka muuzaji wako, unaongeza ugonjwa.

#6 MtuWaSpea
#5 umeeleza vizuri. Ila kwa kichwa cha diski na tela la dramu herufi peke yake hazitoshi kulinganisha. Ukubwa wa chemba (kopo la upepo linalosukuma fimbo ya breki) na urefu wa slaki (mkono unaosukumwa na fimbo hiyo ili kufungua lainingi) navyo vinaingia kwenye hesabu.

#7 Mhandisi_Msalato
Sahihi, nakubali.

#8 Dereva_Mstaafu_Manyoni
Vijana, mnasoma herufi na hakuna aliyeuliza gari linashukaje.

Pale Saranda, ukitoka Manyoni unashuka kuja Kintinku, kuna sehemu unaweza kusimama pembeni ukatambua madereva kwa harufu tu. Anayeshuka kwa gia ndogo na breki ya egzosti (inayoziba moshi ili injini ishike gari) anapita hana harufu. Mwingine anapita, lainingi zinanuka mpaka macho yanawasha. Gia ya kushukia unaitia juu, kabla mteremko haujaanza. Ukishaanza kuserereka na mzigo, gia haiingii tena, na hapo umebakiwa na mguu tu. Breki unakanyaga kwa nguvu kidogo, unapunguza mwendo, unaachia zipoe. Kuna wanaouegesha mguu juu ya pedali kutoka mwanzo wa mlima hadi mwisho, hao hata uwafungie pedi za ndege zitaisha.

#1, kabla hujatoa hela, panda gari lako kama abiria, safari moja. Utajua.

#9 Tandiboi_Mstaarabu
Shikamoo mzee #8. Nimecheka hapo kwa pedi za ndege, ila umesema kweli tupu.

#10 Hesabu_Ni_Hesabu
Kumuunga mkono mzee #8 kwa namba. Semi la tani 50 likishuka mita 100 kwenda chini (si urefu wa barabara, nasema kimo) linaachia nishati ya karibu megajouli 49. Moto huo unatosha kuchemsha maji zaidi ya lita 150 kutoka joto la kawaida. Sehemu inapotelea kwenye upepo na matairi, sehemu inabebwa na injini na ritada (kifaa kinachopunguza mwendo bila kutumia pedi) kama zimetumika. Iliyobaki yote inaingia kwenye diski, dramu na pedi. Milima ya Sekenke na Nyang'oro inashuka zaidi ya mita 100.

#11 Nala_Mizani
Hizo tani 50 umezitoa wapi? Sheria si 56?

#12 Hesabu_Ni_Hesabu
56 ni ya ekseli saba chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016. Gari la #1 lina sita: 8 za mbele, 18 za pacha za nyuma ya kichwa, 24 za tela. Jumla 50.

#13 DerevaMwenyewe
Kila uzi wa breki humu lazima dereva apigwe mawe. Niseme upande wetu.

Bosi anataka saruji ifike kesho asubuhi. Ritada ilikufa mwaka jana, anasema "utatumia akili". Ukimwambia tela halikamati, anajibu lainingi zipo nene hivyo unataka nini tena. Dereva wa #1 ameshasema tatizo ni tela, na yeye ndiye anayelisikia likimsukuma mgongoni akikanyaga breki. Mwulizeni huyo kwanza.

#14 MsafirishajiKizota
Asanteni wote. Gari limerudi, fundi amefungua magurudumu. Vipimo ni hivi:

Ekseli ya kwanza ya nyuma ya kichwa, kushoto: pedi ya ndani chuma kwa chuma, ya nje imebaki na milimita 9. Kulia, ndani na nje zote zina 4. Ekseli ya pili ya nyuma, pande zote kati ya 3 na 5. Mbele kuna 6. Tela, lainingi zote zina 14 au zaidi.

Ritada ipo, nimeshuhudia inafanya kazi. #13, dereva wangu sijamlaumu popote, nilileta neno lake hapa kwa sababu naliheshimu.

Jambo jingine: boksi la pedi zilizoisha lina E1 na 90R, limeandikwa vizuri kabisa. Kwenye bamba lenyewe kuna namba imechapwa kwa rangi nyeupe, haijagongwa.

#15 Fundi_Diski_Chang'ombe
Hiyo ya kushoto haina mjadala. Pedi ya ndani ikiisha na ya nje ikabaki, kalipa haitelezi kwenye pini zake. Pistoni inasukuma ya ndani, kalipa inatakiwa irudi iivute ya nje, pini zimekaza, basi ya ndani inafanya kazi peke yake na haiachii. Shika kalipa kwa mikono gari likiwa limezibwa magurudumu na breki ya maegesho imeachiwa, isukume na uivute. Inatakiwa itembee. Ikigoma, mpira wa pini umechanika, vumbi la Bahi limeingia, grisi imegeuka udongo. Badilisha pini, bushi na mipira. Ukifunga pedi mpya bila kugusa pini, hata za bei mara tatu zitaisha vilevile.

Na pima diski. Nyingi za saizi hiyo zikiwa mpya zina milimita 45 na mwisho wake ni 37. Ufa uliofika ukingoni, usijadiliane nao, toa.

#16 MtuWaSpea
Namba ya rangi nyeupe inanitia shaka. Chukua kitambaa chenye thina upanguse. Za watengenezaji wakubwa, namba ya WVA na kibali zinakaa hata pedi ikichakaa yote, maana lazima zisomeke wakati wa kubadilisha. Na kanuni hiyo ya 90 inataka boksi liwe na muhuri unaoonyesha kama lilifunguliwa. Ulikuta muhuri?

#17 MsafirishajiKizota
Limefungwa kwa selotepu ya kawaida. Nimepangusa kwa thina, namba yote imetoka kwenye kitambaa. Chuma kimebaki kitupu.

#18 KingOfTheRoad_DOM
Basi kesi imeisha. Pedi feki.

#19 Fundi_Diski_Chang'ombe
Haijaisha. Pedi feki ingeisha ndani na nje sawasawa.

#20 Mhandisi_Msalato
Na kalipa iliyokaza inaeleza gurudumu moja tu. Hizo nyingine zina 3 hadi 6, tela lina 14. Kuna kitu kinafanya kichwa kizima kichoke kuliko tela.

#21 FundiTela_Ihumwa
Nimesoma kuanzia juu, nashangaa wote mnaziangalia pedi za kichwa. Mgonjwa ni tela, dereva wa #1 yuko sahihi kabisa.

Lainingi nene si dalili njema. Kwanza, pima fimbo ya chemba. Jaza upepo, ziba magurudumu, achia breki, weka alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba. Mwenzako akanyage kwa upepo wa kama bar 6, upime imetoka kiasi gani. Chemba ya kawaida ya saizi 30 (inchi 30 za mraba) ikipita milimita 51 hapo imeshavuka mpaka. Inakanyaga, lakini nguvu imeishia njiani. Kama slaki ni za kujikaza zenyewe na umekuta zimelegea, usizikaze kwa spana ukaondoka. Zimeshakufa au bushi za kemu (shafti inayotanua lainingi) zimeisha. Ukikaza leo, wiki ijayo zimelegea tena.

Pili, tela ni la mkononi? Nauliza kwa sababu dramu za mitumba nyingi zimeshapigwa leizi. Dramu ikichongwa inakuwa pana. Ukiifungia lainingi ya standadi, upinde wake ni mdogo kuliko wa dramu, inagusa katikati tu, juu na chini haifiki. Vua dramu moja uangalie uso wa lainingi: sehemu inayofanya kazi imelainika na kung'aa, isiyogusa ina vumbi na alama za kiwandani bado zinasomeka. Nimewahi kuvua ambayo eneo lililokuwa linagusa halizidi upana wa kiganja, na mwenye gari anafurahia kwamba lainingi haziishi. Dramu iliyochongwa inataka lainingi ya ovasaizi (nene zaidi), nayo ichongwe kufuata upinde wa dramu ile ile.

#22 MsafirishajiKizota
Tela ni la mkononi, ndiyo. Kesho nalileta Ihumwa. Nitakuandikia ujumbe wa faragha, mkuu.

#23 Valvu_na_Mabomba
#21 upo vizuri, ila kabla ya kuvua dramu angalia valvu ya uzito ya tela. Ile inayopima mzigo na kuamua upepo uende kiasi gani. Nyingi fimbo yake imekatika, mtu akaifunga kwa waya ikabaki kwenye nafasi ya tela tupu. Tela limepakia tani zote, valvu inadhani halina kitu, inapeleka upepo kiduchu. Hapo hata ufunge lainingi za dhahabu, kichwa kitabeba mzigo wote. Weka geji kwenye chemba ya tela, linganisha na iliyoandikwa kwenye kibao cha tela. Dakika chache tu.

#24 MamaAlizeti_Singida
Naomba niingie kwa jambo ambalo sijaona mtu kaligusa. Mume wangu ni fundi wa lainingi. Vijana wake walikuwa wakivua dramu wanachukua mpira wa upepo wa kompresa wanapuliza vumbi lote, wingu linawafunika uso, na chai ipo pembeni. Lainingi za zamani na zisizojulikana zilikotoka zinaweza kuwa na asbesto. Shirika la Afya Duniani limesema aina zote za asbesto zinasababisha saratani, na ugonjwa wake unakuja baada ya miaka mingi, kijana ameshasahau gereji aliyofanyia kazi. Sasa wanalowesha kwa maji yenye sabuni kabla ya kugusa, wanafuta kwa tambara, tambara linafungwa kwenye mfuko. Na nguo za kazi haziingii nyumbani kwangu.

Kwa hiyo mnapochagua, boksi lililoandikwa halina asbesto, la kampuni inayojulikana, lina maana hata kwa anayelifunga.

#25 Dereva_Mstaafu_Manyoni
Mwanangu #24 ubarikiwe. Wenzangu wawili niliokuwa nao gereji ya zamani walikufa kwa ugonjwa wa kifua. Hatukujua.

#26 Fuso_Kondoa
Samahani kuingilia uzi. Fuso yangu inapita Kolo na Bonga kila wiki, breki za mafuta. Haya ya slaki yananihusu?

#27 FundiTela_Ihumwa
Slaki hapana. Dramu na upinde wa lainingi ndiyo, vilevile. Na mafuta ya breki ubadilishe, yanavuta unyevu, yakichemka pedali inazama.

#28 KingOfTheRoad_DOM
Kwa hiyo Sekenke, upande wa Tabora, ndiyo inayomaliza pedi za #1 au tela?

#29 MamaAlizeti_Singida
Sekenke ni Iramba, mkoa wa Singida. Tabora unaanza ukishavuka Shelui kuelekea Igunga. Mlima wetu tuachieni.

#30 Tandiboi_Mstaarabu
King leo hajapata hata moja. Rudi na uzi wa matairi kaka.

#31 MsafirishajiKizota
Mrejesho. Nimetoka Ihumwa.

Valvu ya uzito ipo nzima, fimbo inacheza. Geji inasoma upepo wa kutosha kwenye chemba. Fimbo za chemba: nne ziko sawa, mbili za ekseli ya mwisho zimepita 51. Dramu mbili zimechongwa, lainingi zake zinagusa katikati kama #21 alivyosema. Dramu nne nyingine ziko salama na zinagusa vizuri, lakini lainingi zake nazo ni nene. Ubavuni zimeandikwa EE. Kalipa ya kushoto ya kichwa imekaza kweli, pini tumezitoa kwa nyundo.

Nimeagiza pini na mipira, slaki mbili, na pedi zenye namba ya WVA iliyogongwa kwenye chuma. Sasa swali langu limebaki kwenye lainingi za tela. Nibadilishe zote ziwe FF, au nifunge ovasaizi kwenye dramu zile mbili na nyingine niziache?

#32 Mhandisi_Msalato
Zote. Dramu nne nzima, zinagusa vizuri, upepo upo, na bado haziishi. EE ndiyo jibu. Na usichanganye msuguano ndani ya tela moja, ekseli moja itavuta kuliko nyingine.

#33 FundiTela_Ihumwa
Mimi niliyeziona kwa macho nasema subiri. Magurudumu mawili kati ya sita yalikuwa hayafanyi kazi na mengine mawili yamedhoofishwa na slaki mbovu. Rekebisha hayo, funga ovasaizi za EE ile ile, tembea mwezi, pima tena. Ukiweka FF sasa hivi pamoja na matengenezo mengine yote, hutajua kilichosaidia, na tela likiwa tupu kwenye mvua litaburuza matairi.

#34 DerevaMwenyewe
Vyovyote mtakavyoamua, gari lisitoke gereji na lainingi mpya likapelekwa moja kwa moja Sekenke na mzigo. Lainingi mpya haijagusa dramu yote. Mpe dereva barabara tambarare ya kwenda Bahi na kurudi, tela tupu, breki za wastani moja baada ya nyingine, zipoe katikati. Ndipo apakie.

#35 MtuWaSpea
#33 ovasaizi inategemea dramu imechongwa hadi kipenyo gani. Hizo za BPW za 420 umepima zimefika ngapi? Kama zimevuka kipenyo cha mwisho kilichogongwa kwenye dramu yenyewe, hakuna lainingi ya kumuuzia, ni dramu mpya mbili.

#36 FundiTela_Ihumwa
Moja nimepima, bado ipo ndani ya kipimo. Ya pili kutu imefunika maandishi, kesho naisugua nisome.